Goti la Mama na Sinagogi la Kochi

Siku ya 1, Alhamisi

Tumetua Kochi alfajiri, tukitokea Mombasa kwa njia ya Muscat. Pale Muscat mzee mmoja wa Kiomani alimwona Mama anavyochechemea, akamwambia kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Pole mama, ni goti hilo?" Akampisha kiti chake. Mama akasema safari imefunguka vizuri.

Safari yenyewe ni ya goti. La kulia limekwisha, na majirani waliotangulia India ndio waliotuelekeza Kerala. Mimi kazi yangu ni kubeba faili, kupanga foleni za malipo na kumpigia simu kaka yangu kila jioni. Lakini nimekuja na langu pia. Tangu shuleni tulipofundishwa kwamba Vasco da Gama alipata rubani Malindi mwaka 1498, akavushwa mpaka pwani ya Malabar, nimetamani kuiona ng'ambo hii ya maji. Katika kusomasoma habari za Kochi nikakutana na Wayahudi wake. Wameishi pwani hii miaka isiyopungua 1,000, na leo waliobaki wanahesabika kwa vidole.

Binamu yangu nilipomtajia aliruka. "Kwa Wayahudi unaendea nini, na dunia ilivyo sasa?" Nikamwambia naenda kuona nyumba za watu waliokuwa wakipikia tui la nazi kama sisi. Akacheka, tukayaacha hapo.

Siku ya 2, Ijumaa

Mama kaingizwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi, katoka kabla ya adhuhuri. Anaongea, anauliza chai. Alhamdulillahi. Leo sina la kuandika zaidi ya hilo.

Siku ya 3, Jumamosi

Mama kalala kwa dawa, muuguzi akanifukuza nikapate hewa. Nikapanda feri kutoka Ernakulam, upande wenye maghorofa na hospitali, nikavuka kwenda Mattancherry, mji wa kale. Harufu ya mwambao ni ileile ya kwetu: dizeli, samaki, na kamba mbichi za makumbi.

Mwenye tuktuk alinisikiliza, akatikisa kichwa. "Juta palli? Leo imefungwa, chechi. Sabato." Chechi ni dada mkubwa kwa Kimalayalam. Nami nilijilaumu, maana nani asiyejua Sabato ni Jumamosi? Akili yote ilikuwa kwenye goti. Ila neno lake likanikaa. Palli ni msikiti, palli ni kanisa, palli ni sinagogi. Jengo la ibada la mtu aliyekuja kwa bahari huku ni palli tu. Unaongeza ya nani ikiwa mtu hakukuelewa.

Basi nikaushuka mtaa wao nje nje. Ni uchochoro mmoja mrefu, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kama Mji wa Kale wetu, na madirisha kadhaa nondo zake zimepindwa nyota ya Daudi. Chini zilikuwa bohari na makazi, sasa ni maduka ya vitu vya kale na mashali, mengi ya wafanyabiashara wa Kashmir wanaokuvuta mkono. Duka moja lina sufuria ya shaba ambayo nadhani ingetosha pilau ya harusi ya Lamu nzima, pande zote mbili zimealikwa. Ukiyapita hayo ndipo unakutana na mtaa wa kweli: tangawizi kavu imemwagwa uani, na pilipili manga inakupalia kabla hujaiona. Pilipili hiyo ndiyo sababu ya kila kitu hapa. Waarabu na Wayahudi waliifuata, kisha Wareno, kisha Waholanzi na Waingereza.

Nilisimama mbele ya duka la marehemu Sarah Cohen. Alikuwa akishona vitambaa vya kufunikia mkate wa Sabato, na zile kofia ndogo wanazovaa wanaume wao. Alifariki 2019 akiwa na miaka 96, na aliyemtunza uzeeni ni jirani Mwislamu na familia yake. Mimi ni mtoto wa nyumba iliyolelewa kwa kushona kofia, kwa hiyo niliangalia mishono kabla ya kuangalia kingine. Mishono midogo, imebanana, haina haraka.

Sala ya jamaa kwa Wayahudi hutaka wanaume kumi. Mattancherry haijaweza kuwatoa yenyewe kwa miaka mingi, hungoja wageni. Agosti 2024 alifariki Queenie Hallegua, mwenye miaka 89, binti wa Satu Koder, ambaye familia yake ndiyo iliyouletea mji huu umeme. Baada yake katika mtaa huu amebaki kama mmoja. Na bado Jumamosi mlango hufungwa.

Kabla ya kurudi nilipitia kaburi la Nehemia Mota. Ni kaburi jeupe lililobanwa katikati ya nyumba za watu, limejaa matone ya nta. Mota alikuwa mshairi na mtu wa dini aliyekuja kutoka Yemen, akafa mwanzoni mwa karne ya 17. Wahindu humwashia mishumaa, Wakristo humwashia, Waislamu pia. Kwetu tungemwita sharifu, tungemfanyia ziara kila mwaka, na wangetokea vijana wa kutukataza.

Siku ya 4, Jumapili

Sinagogi la Paradesi lipo mwisho kabisa wa uchochoro, na ukuta wake umepakana na kiwanja cha hekalu la Kihindu la jumba la mfalme. Ukisimama uani unasikia kengele za upande wa pili. Lilijengwa 1568. Nikapiga hesabu ya Mombasa: Fort Jesus ilianza kujengwa 1593. Jengo hili limeizidi ngome yetu miaka 25, na Wareno haohao wamo katika hadithi zote mbili.

Unavua viatu. Hilo nililipenda. Mlinzi mwenye msalaba shingoni aliniashiria pa kuviweka, nikaingia kwa nyayo tupu juu ya vigae vya bluu na nyeupe, baridi kama sakafu ya birika. Vigae hivi vililetwa kutoka Canton, China, karne ya 18, na kila kimoja kimechorwa kwa mkono: miti iliyoinamia maji, vidaraja, vinyumba. Husemwa hakuna viwili vinavyofanana. Mimi sisadiki nisichokihakikisha, nikazunguka nimeinama kama mtu aliyeangusha pete, natafuta pacha. Safu nne nilizimaliza bila kumpata, shingo ikakataa. Nikawaza sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye zidaka za Lamu na kwenye nguzo za makaburi ya kale. Bidhaa zilitoka kwa mfinyanzi wa nchi moja, zikagawana pepo.

Juu zinaning'inia taa za vioo vya Ubelgiji, za rangi tofauti, na katikati ipo tevah, jukwaa la kusomea lililozungushiwa reli za shaba. Lipo pia zulia linalosemwa ni zawadi ya Haile Selassie. Kabati la hati za Torati huliita hekhal, na sikio la Kiswahili halihitaji mkalimani hapo, ni ndugu wa hekalu letu. Mnara wa saa ulijengwa 1760 na Ezekiel Rahabi, mfanyabiashara mkubwa wa kampuni ya Waholanzi, ambaye ukoo wake ulitoka Aleppo. Nyuso za saa zina tarakimu mbalimbali, za Kiebrania, za Kirumi na za Kimalayalam, ili mfalme, Myahudi na mfanyabiashara wasigombane kuhusu wakati.

Kuna kitu hakionyeshwi ovyo, nacho ndicho roho ya mahali: mabamba ya shaba. Kiasi cha mwaka 1000, mfalme Bhaskara Ravi Varma alimpa Joseph Rabban, kiongozi wa Wayahudi wa Kodungallur, bandari ya kale ya pwani hii, heshima 72 zilizochongwa kwenye shaba, zake na za kizazi chake maadamu dunia na mwezi vipo. Asilipe ushuru fulani. Awashiwe taa mchana. Atandikiwe nguo ya kukanyaga. Abebwe kwa machela, afunikwe mwavuli, apigiwe ngoma na tarumbeta. Mgeni wa Ulaya husoma orodha hiyo akaona madoido. Mtu wa Lamu anaelewa mara moja, maana mwavuli, ngoma na siwa, lile baragumu kubwa la wakubwa, ndivyo vilivyokuwa vikimtofautisha mtawala na mtu wa kawaida kwetu. Mfalme hakumwambia Rabban karibu ukae tu. Alimfanya jumbe.

Wenyewe husimulia kwamba walifika enzi za Sulemani, au baada ya kubomolewa hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Kinachojulikana vizuri ni namna walivyohamia huku. Mwaka 1341 mto Periyar ulifurika vibaya, bandari ya Kodungallur ikajaa mchanga na mdomo wa Kochi ukafunguka. Katika ukuta wa uani hapa limo jiwe la sinagogi lao la kwanza la Kochi, la mwaka 1344. Mwaka 1524 waliobaki Kodungallur walishambuliwa na wafanyabiashara Waislamu katika ugomvi wa pilipili. Naandika hili bila kulifumba, ni letu. Wareno wakawamaliza nguvu, na kufika 1565 wakawa wamemkimbilia mfalme wa Kochi, naye akawapa ardhi ubavuni mwa jumba lake. Wareno waliliharibu sinagogi mwaka 1662 kwa kuwa Wayahudi waliwaunga mkono Waholanzi. Mwaka uliofuata Waholanzi wakautwaa mji, likakarabatiwa.

Sasa lile lililonikalisha kitako. Paradesi maana yake wageni, neno ambalo sisi wa pwani tumelisikia tangu utotoni katika nyimbo za filamu za Kihindi. Walikuwa Wayahudi waliofukuzwa Hispania na Ureno tangu 1492, na wengine wa Aleppo na Baghdad. Waliwakuta Wayahudi Wamalabari, wenyeji wa karne na karne. Wageni wakajiita Weupe, wenyeji wakaitwa Weusi, na hawakuoana. Ndani ya Paradesi kwenyewe lilikuwapo kundi la tatu, watumwa walioachwa huru na vizazi vyao. Hao walifuata Torati ileile, walisali sala ileile, lakini hawakuwa na kiti. Walikaa sakafuni kwenye ukumbi wa kuingilia, au nje kwenye ngazi, na hawakuitwa kusoma.

Mmoja wa uzao huo, Abraham Barak Salem, aliyezaliwa 1882, alisomea sheria Madras, akarudi wakili. Alikuwa mtu wa Gandhi, alihudhuria mkutano wa chama cha Congress huko Lahore mwaka 1929, na silaha ya Gandhi akaileta humu ndani: alikaa mahali alipokatazwa kukaa, akakataa kuinuka. Ilichukua miaka. Kidogo kidogo viti vikapatikana. Mwaka 1950 mwanawe alimwoa binti wa Paradesi. Leo barabara ya hapa jirani ina jina la Salem.

Nilikaa kwenye ule ukumbi wa kuingilia muda mrefu kuliko nilivyokaa ndani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa harusi za Lamu. Aliitwa kila nyumba kubwa, na kila nyumba kubwa alikula uani. Hakuna aliyemwambia asije mkekani. Ilikuwa inajulikana tu.

Siku ya 5, Jumatatu

Siku nzima ya madirisha ya malipo. Fremu ya kutembelea imeandikwa mara mbili kwenye bili, dirisha la kwanza likanipeleka la tatu, la tatu likanirudisha la kwanza. Saa tisa wakakiri. Mama kapiga hatua sita kwa fremu hiyohiyo iliyoleta balaa.

Siku ya 6, Jumanne

Teksi mpaka Paravur na Chendamangalam, mwendo wa saa moja na zaidi kaskazini, minazi na maji njia nzima. Masinagogi yote mawili sasa ni makumbusho ya serikali.

La Paravur, la mwanzoni mwa karne ya 17, unaliendea kwa ujia mrefu wenye paa, kama unaingia nyumba ya mkubwa. Ni zuri, ila ile hekhal ya asili ilikwenda Israeli na iliyopo ni nakala. Imepakwa vizuri mno. Nikapita.

Chendamangalam ndiko nilikotaka kulala. Mbele ya sinagogi limesimamishwa jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kiebrania: Sara binti Israeli, mwaka 1269. Linahesabiwa kuwa jiwe la Kiebrania la kale kuliko yote yaliyopatikana India. Nilipitisha kidole hewani juu ya herufi bila kuligusa. Mwanamke mmoja, jina lake na la babake, basi. Wafalme wa zama zake tunawatafuta kwenye vitabu, yeye yupo hapa na kunguru juu yake.

Ndani dari ni ya mbao iliyochongwa mayungiyungi na kupakwa rangi, kazi ya maseremala wa Kerala walewale waliochonga mahekalu. Na lipo jambo ambalo mlinzi, bwana wa Kihindu mwenye rundo la funguo kiunoni, alinionyesha kwa fahari kama alilijenga yeye. Masinagogi ya Kerala yana majukwaa mawili ya kusomea. Moja chini, kama kwingine duniani. La pili liko juu roshanini, na nyuma yake, ng'ambo ya kimia cha mbao, ndipo walipokaa wanawake. Siku za Sabato na sikukuu Torati ilisomewa juu kule, kwa hiyo wanawake ndio waliokuwa karibu zaidi na neno. Nikapanda, nikakaa nyuma ya kimia. Unamwona msomaji mgongo, umbali wa kumpasia kitabu.

Kutoka kilima hiki, mlinzi akasema, zamani zilisikika kwa pamoja kengele ya kanisa, adhana, baragumu la kombe la hekaluni na pembe ya Wayahudi. Leo nilisikia pikipiki na adhana ya alasiri. Nikaswali garini.

Siku ya 9, Ijumaa

Mama anatembea mpaka mlangoni. Nimemletea appam kutoka mkahawa wa jirani: unga wa mchele na tui, umechachuka, kati mnene na pembeni kama lesi. Akaugeuza. "Huu si mkate wa kumimina uliokonda?" Nikamweleza Wayahudi wa hapa nao ni chakula chao. Torati inawakataza kuchanganya nyama na maziwa, lakini tui si maziwa, hivyo mchuzi wa nyama wa nazi ni halali yao mchana kutwa. Mama akamaliza kutafuna kwanza. "Wajanja," akasema.

Mchana nilikwenda Kadavumbagam, sinagogi la sokoni Ernakulam. Unalitafuta hulioni, kwa sababu mbele yake ni duka la miche na samaki wa mapambo. Unapita katikati ya mifuko ya plastiki yenye samaki wekundu wanaokukodolea, kijana anakufungulia mlango wa nyuma, na ghafla umo sinagogini. Jina lilelile lilikuwa na sinagogi jingine Mattancherry, na mambo yake ya ndani yamejengwa upya katika jumba la makumbusho la Israeli, Yerusalemu.

Niliuliza walikwendaje wote. Hakuna aliyewafukuza, na hili watu wa Kochi wanalirudia sana, wakiwa na haki. Walikuwa wapatao 2,400. Baada ya 1948 dini iliwavuta, biashara zilikuwa zimedorora, na jirani akiondoka nawe huanza kuangalia sanduku. Cha kushangaza, waliochelewesha safari ni wapokeaji. Serikali ya Israeli iliogopa matende, ugonjwa ambao Kochi ulijulikana nao, kama ulivyojulikana mwambao wetu. Salem, wakili yuleyule, alisafiri kwenda kuwatetea. Hatimaye katikati ya miaka ya 1950 Wamalabari wakaondoka karibu wote. Walipelekwa vijiji vya kilimo kama Nevatim, jangwani Negev, watu wa pilipili na vivuko wakajifunza kulima maua. Waliochelewa kuondoka ni Paradesi, wenye mali na majumba. Mwaka 1968 sinagogi lao lilipotimiza miaka 400, Indira Gandhi mwenyewe alihudhuria, na serikali ikatoa stempu.

Kilichosafiri vizuri zaidi ni nyimbo. Wanawake wa Kochi walikuwa na nyimbo zao za Kimalayalam, wamezinakili kwa mkono kwenye madaftari, za harusi, za sikukuu, za kusifu sinagogi la mji wao, za kumtaja Joseph Rabban. Waliimba mbele ya wanaume, wakipiga makofi na kuzunguka duara, na wanaume hawakuona haramu. Nikawaza madaftari ya tenzi ya nyanya zetu, yaliyofungwa kwa kitambaa cha leso chini ya godoro, na vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, na ugomvi usiokwisha wa sauti ya mwanamke. Usiku nilimtafutia Mama rekodi moja simuni. Hakuelewa neno. Mkono wake ukaanza kupiga shuka, akanikosoa: "Hapo wamechelewa kuitikia."

Siku ya 13, Jumanne

Tumeruhusiwa, ndege ni kesho. Mama kasema hawezi kurudi Mombasa aseme Kochi aliona dari ya hospitali tu. Teksi ikatuacha karibu kabisa na mlango wa Paradesi, tukaenda pole pole na fremu, wauza mashali wakatupisha kwa adabu ambayo mimi peke yangu sikuipata.

Mlinzi ni yuleyule. "Viatu, amma." Mama hawezi kuinama bado, nikapiga magoti nikamvua. Akachungulia ndani, akaziona taa, akaviona vigae, akavipima kwa macho ya mtu mwenye goti la siku kumi na moja. Vinang'aa. Akarudi nyuma, akakaa kwenye benchi la ukumbi wa kuingilia.

"Mama, hapo ndipo walipokuwa wakikalishwa wale niliokuambia."

"Nimesikia juzi, hujanena kitu kipya." Akaunyoosha mguu, akajifungua buibui shingoni. "Hapa pana upepo. Nenda kaangalie mambo yako, mimi utanikuta."

Nikaingia, nikamaliza safu mbili zaidi za vigae. Pacha hakuna. Niliporudi nilimkuta mlinzi amekaa ubavuni mwake benchini, kapandisha mguu mmoja wa suruali, anamwonyesha Mama goti lake.